Pikapu ya dizeli au ya petroli? Maswali ninayoulizwa kila wiki hapa Dodoma

Nauza spea za pikapu na gari ndogo hapa Dodoma mjini. Mwenyewe ninazo pikapu mbili: moja ya petroli inayozunguka mjini na mifuko ya saruji, nyingine ya dizeli, mzee wa siku nyingi, inayokwenda mashambani. Maswali haya ndiyo ninayoulizwa kaunta, kwenye simu, hata msibani. Jambo moja mlijue mapema: mwenye dizeli mbovu ananiingizia hela kuliko mwenye petroli mbovu. Kwa hiyo mahali nitakaposema nunua petroli, jueni sijipigii debe.

Kaka, kwa kifupi tu: dizeli au petroli?

Kama pikapu itazunguka mjini, Kisasa kwenda Majengo, Majengo kwenda Nzuguni, na kwa mwezi haifikishi kilomita 1,500, chukua petroli. Kama kazi yake ni kutoka kila siku na mzigo mgongoni, Kibaigwa, Kondoa, Mpwapwa, Manyoni, chukua dizeli. Walio katikati ndio wenye kazi ya kufikiri, na mengi yaliyo hapa chini nimewaandikia wao.

Ila swali lenyewe lina kasoro, linadhani dizeli ni kitu kimoja. Sokoni kwetu kuna petroli, kuna dizeli ya pampu, na kuna dizeli ya kompyuta. Kwa upande wa matunzo, dizeli hizo mbili zimeachana mbali kuliko dizeli ya pampu na petroli zilivyoachana.

Dizeli ya pampu na dizeli ya kompyuta, tofauti yake nini?

Za pampu ni injini za zamani: 2L, 3L na 5L za Hilux, TD27 ya Nissan, 4JA1 na 4JB1 za Isuzu, 4D56 za mwanzo za Mitsubishi. Pampu inasukuma mafuta kwa chuma na springi, nozeli, yaani kidude kinachopuliza mafuta ndani ya injini, inafunguliwa na msukumo wa mafuta yenyewe, basi. Ikishawaka haidai umeme mwingi. Fundi wa Nkuhungu au wa Kondoa mjini anaifungua kwa spana na kuifunga, ukaondoka.

Za kompyuta zilianza kuenea kwenye pikapu miaka ya 2000: 2KD na 1KD ambazo watu wanaziita D-4D, YD25 ya Navara, 4JJ1 ya D-Max, kisha 1GD na 2GD. Hapa mafuta yanajazwa kwenye bomba moja nene, reli, kwa msukumo wa zaidi ya bar 1,300. Tairi lako lina kama bar 2.5, kwa hiyo ni zaidi ya mara 500 ya tairi. Kompyuta ndiyo inayoamuru kila nozeli ifunguke lini na kwa muda gani. Unapata injini tulivu, yenye nguvu, yenye moshi kidogo. Unapata pia nozeli ambayo nafasi zake za ndani ni nyembamba kuliko unywele, na haina msamaha kwa maji wala kutu.

Mtu akiniambia "dizeli haifi", huwa namuuliza: ipi? Sifa zile zilitengenezwa na injini za pampu. Zilizokuja baadaye zimerithi jina tu, na matunzo yake ni mengine kabisa.

Kwa nini dizeli inakula kidogo?

Petroli inawashwa na cheche ya plagi. Dizeli haina cheche: hewa inabanwa mpaka inapata joto la kuwasha mafuta yakipulizwa ndani. Injini ya kawaida ya petroli inabana mara 9 hadi 11, dizeli mara 15 hadi 22. Rudolf Diesel, Mjerumani aliyeomba hataza mwaka 1892 na kupata injini inayofanya kazi mwaka 1897 kule Augsburg, alikuwa akitafuta hicho hicho: kubana sana ili joto la mafuta lifanye kazi badala ya kutokea kwenye ekzosi.

Sababu ya pili wengi hawaijui. Lita ya dizeli ni nzito kuliko lita ya petroli, na ina nishati zaidi kwa kama asilimia 10 hadi 15. Sehemu ya ule ubahili tunaousifu ni kwamba umenunua uji mzito zaidi kwa kikombe kile kile.

Tuache maneno. Hesabu iko wapi?

Namba hizi natoa kwenye pikapu zangu na kwa wateja wachache wanaoandika matumizi yao kwenye daftari. Petroli ya lita 2.7 yenye mzigo wa kawaida inakwenda kilomita 7 hadi 9 kwa lita. Dizeli ya lita 2.5 au 3.0 inakwenda 10 hadi 12. Tuchukue 8 na 11. Bei tuiweke shilingi 3,000 kwa lita kwa zote mbili, kwa ajili ya hesabu tu.

Dodoma hadi Dar ni kama kilomita 450. Petroli itachoma lita 56, dizeli 41. Tofauti ni lita 15, yaani 45,000 kwa kwenda. Ukiigawa kwa umbali, dizeli inakuokolea kama shilingi 100 kwa kila kilomita. Hiyo 100 ndiyo ya kuandika ukutani.

Sasa tuseme dalali anakuuzia dizeli kwa milioni 6 zaidi ya petroli ya umri ule ule. Milioni 6 ukigawa kwa 100 unapata kilomita 60,000. Mtu wa kilomita 4,000 kwa mwezi anarudisha hela yake kwa miezi 15. Mtu wa kilomita 1,000 kwa mwezi anahitaji miaka 5, na hapo bado hatujatoa sevisi.

Kuna mwalimu mmoja alikuja akiwa ameshakopa kwa ajili ya dizeli. Nikamwomba anionyeshe picha ya dashibodi ya gari lake la sasa na tarehe aliyolinunua. Tukagawa: kilomita 640 kwa mwezi. Alikaa kimya, akaniomba kikokotoo, akarudia yeye mwenyewe mara mbili. Watu hawajui wanaendesha kilomita ngapi. Wanakumbuka safari ndefu za Krismasi na kusahau wiki nzima gari lilivyolala chini ya mwarobaini.

Na tangu treni ya SGR ianze safari za Dar na Dodoma mwaka 2024, kilomita za wengi zimepungua zaidi. Mimi mwenyewe zamani nilikuwa nashuka Kariakoo kwa pikapu kufuata spea. Siku hizi napanda treni, mzigo unakuja na gari la mizigo. Hesabu ya mwaka 2015 usiilete leo.

Lakini si dizeli ni bei rahisi sheli?

Inategemea mwezi. EWURA, mamlaka inayosimamia bei za mafuta, inatangaza bei kikomo Jumatano ya kwanza ya kila mwezi, na kila mji una bei yake kutokana na umbali kutoka bandarini. Kuna miezi dizeli iko chini ya petroli, kuna miezi inaipita. Mwaka 2022 zote zilivuka shilingi 3,000. Usichague gari utakalokaa nalo miaka kumi kwa kuangalia bei ya mwezi huu.

Ni kweli petroli haipandi mlima na mzigo?

Inapanda. Inapanda kwa kelele.

Chukua Hilux ya petroli ya 2.7, injini ya 2TR: nguvu yake ya kuzungusha ni kama nyutonimita 241, lakini inaipata mzunguko ukifika 3,800 hivi kwa dakika. Dizeli ya 3.0 D-4D, 1KD, inatoa 343, na inaanza kuitoa kwenye 1,400. Maana yake, ukiwa na gunia kumi za mahindi, kila gunia lumbesa, na umefika kwenye milima ya Kolo ukitoka Kondoa kwenda Babati, mwenye dizeli anabaki gia ya tatu akipiga hadithi. Mwenye petroli anashusha mpaka ya pili, mshale unapanda, abiria wa mbele ananyamaza. Wote wanafika Babati.

Sasa angalia ile dizeli ya zamani tunayoiimba. 3L ina chini ya nyutonimita 200, yaani pungufu ya petroli hiyo hiyo ya 2.7. Haina tabo, lile pangaboi la kuisukumia injini hewa. Inapanda Kolo kwa sababu nguvu yake yote iko chini na gia zake ni fupi, taratibu kama punda wa maji. Haichoki, lakini usiiambie iwahi.

Na kuna jambo la hapa kwetu ambalo mtu wa Dar halimgusi. Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huku ni nyepesi, na injini isiyo na tabo, iwe petroli au dizeli, inapoteza kama asilimia 10 ya nguvu zake. Yenye tabo inajisukumia hewa, hivyo haioni tofauti kubwa. Ukilijaribu gari Dar likakufurahisha, kisha ukalileta huku likawa zito kidogo, fundi hajakuibia kitu.

Na matope ya Bahi?

Matope ya Bahi hayaulizi unatumia mafuta gani. Yanauliza kama una foo-wili inayofanya kazi na tairi zenye meno. Dizeli inakusaidia kutambaa polepole bila kukanyaga sana mafuta, na hilo ni zuri kwenye udongo mweusi. Ila injini yake ni chuma kizito mbele, pua inazama mapema. Nimeshavuta dizeli zilizozama kwa kutumia petroli.

Safari zangu ni fupi fupi, dakika kumi na kuzima. Dizeli itaumia?

Itaumia. Dizeli inachelewa kupata joto, na ikizimwa kabla haijapata joto inajaza masizi na kuchafua oili. Zile mpya zenye kichujio cha masizi kwenye ekzosi ndizo zinazoumia zaidi, kwa sababu kichujio kinajisafisha kwa kuchoma masizi gari likiwa kwenye mwendo mrefu wenye moto. Gari linalopeleka watoto shule Area C na kurudi halipati mwendo huo hata kwa bahati mbaya.

Vumbi na maji ya huku yanaharibu ipi zaidi?

Vumbi linaua zote, dizeli yenye tabo kwanza. Tabo inazunguka zaidi ya mara laki moja kwa dakika, na punje ya mchanga iliyopenya kwenye filta mbovu inagonga pangaboi lake kama risasi. Kuanzia Juni hadi Novemba, ukiwa unatembea barabara za vumbi, fungua filta ya hewa kila wiki mbili. Igonge kwa mkono na uirudishe. Usiipulize kwa kompresa ya kujazia tairi kwa karibu, inatoboa karatasi na hutaona tundu.

Maji ndiyo jambo watu wanalolipuuza. Angalia ndani ya birika lako la chai: ule ukoko mweupe umetokana na chumvi ya maji yetu ya visima. Mtu huyo huyo anayelalamikia birika anachukua chupa ya maji ya bomba na kujaza rejeta. Ukoko ule ule unaota ndani ya rejeta na kwenye njia za maji za injini. Petroli ikichemsha mara moja unaweza kuponea gasketi. Dizeli za zamani zikichemsha, mara nyingi silinda hedi inapasuka, na hapo unakuja kwangu na uso wa msiba. Tumia kulanti, kile kimiminika cha rejeta cha dukani. Ukikosa kabisa, maji ya mvua uliyokinga kwenye simtank ni bora mara kumi kuliko ya kisima.

Nasikia mafuta machafu ndiyo yanaua dizeli. Ni kweli au ni maneno ya mafundi?

Ni kweli, na nimeona kwa macho. Mteja alikuja na dizeli ya kompyuta inayokata nguvu ikifika kilomita 80 kwa saa. Alishanunua sensa mbili, si kwangu. Nikamwambia alete filta ya dizeli. Tukaikata kwa msumeno wa chuma juu ya gazeti: karatasi ilikuwa ya kahawia kama imechovywa kwenye udongo wa Mvumi, na chini yake kulikuwa na maji ya kujaza kizibo cha soda, yenye kutu. Alikuwa na mazoea ya kununua ya vidumu kijijini. Nozeli mbili kati ya nne zilikuwa zimeshakwisha.

Dizeli inapopita ndani ya pampu ndiyo inayoilainisha pampu hiyo. Ukiichanganya na mafuta ya taa unaondoa ulainishi, chuma kinasaga chuma. Serikali ilianza kuweka vinasaba, yaani alama za kutambua mafuta halali, kwenye mafuta mwaka 2010 kwa sababu ya uchakachuaji, na hali ni afadhali kuliko zamani, lakini kidumu cha pembeni ya barabara hakina kinasaba kinachokuhusu. Jaza sheli yenye magari mengi, maana mafuta yake hayakai, na chukua risiti. Bila risiti huna pa kuanzia ukitaka kulalamika.

Petroli chafu nayo inaleta misi na kugonga injini. Tofauti ni bili. Kwa petroli unasafisha tangi, unabadilisha plagi na filta, unaondoka jioni.

Sevisi zake zinatofautiana kiasi gani?

Injini ya dizeli ya 3.0 inameza kama lita 7 za oili, petroli ya 2.7 kama lita 5 na nusu. Dizeli ina filta yake ya mafuta ya kubadilisha mara kwa mara. Kwa vumbi letu mimi nafanya sevisi kila kilomita 5,000 kwa zote mbili, hata kama kitabu cha gari kinasema zaidi. Kitabu hakikuandikwa Chemba.

Kubwa zaidi ni taimingi belti. 3L na 5L zinatumia belti ya kubadilishwa kila kilomita 100,000, 1KD na 2KD kila 150,000, na dashibodi ina taa ya kukukumbusha. Ikikatika, vali zinagonga pistoni. 2TR ya petroli inatumia cheni, na 1GD na 2GD pia. Ukinunua pikapu ya belti iliyotumika, badilisha belti wiki ile ile, hata muuzaji akikuapia kwa jina la mama yake.

Plagi nne za petroli ni hela ya sokoni ya siku chache. Nozeli nne mpya za dizeli ya kompyuta ni ada ya shule ya bweni. Kwenye dizeli ya pampu, nozeli zinapimwa kwenye mashine, zinabadilishwa ncha tu, na zinarudi kazini.

Nimeona dizeli nzuri ya Japan, ya miaka ya karibuni, kilomita chache. Niagize?

Angalia kwanza imefungwa nini kwenye ekzosi. Pikapu za dizeli za miaka ya karibuni kutoka Japan na Uingereza nyingi zina kichujio cha masizi, na baadhi zinahitaji kimiminika cha urea kwenye tangi lake la pembeni. Urea ikiisha, gari linakataa kuwaka. Kabla hujalipa, hakikisha una pa kuipata na una fundi mwenye mashine ya kusoma kompyuta ya gari hilo hasa, si ile ya kila gari.

Wajapani walibanwa mapema kwenye jambo hili. Gavana wa Tokyo, Shintaro Ishihara, alianza kampeni ya kupinga moshi wa dizeli mwaka 1999, na kuanzia Oktoba 2003 dizeli zisizotimiza kiwango cha masizi zikapigwa marufuku kuingia Tokyo. Ukiona dizeli ya pampu ya miaka ya 1990 inauzwa nje bado inang'aa, ubovu si sababu pekee iliyoiondoa kwao. Nyingine zimekimbia sheria.

Kwa upande wa ushuru, ingia kwenye kikokotoo cha TRA cha magari yaliyotumika kabla ya kumtumia mtu hela. Umri wa gari unabadilisha hesabu sana.

Nitajuaje dizeli ninayouziwa ni nzima?

Hili nitalikalia, maana ndipo watu wanapouziwa mbuzi kwenye gunia.

Mwambie muuzaji utakuja saa kumi na mbili asubuhi na asiliwashe. Nenda Juni au Julai ukiweza, baridi ya Dodoma inasema ukweli. Ukifika, weka kiganja kwenye boneti kabla ya salamu. Ikiwa ya moto, ameliwasha kabla hujafika, na ana sababu. Washa ufunguo, subiri taa ya hita plagi izime, kisha piga staata. Dizeli nzima inashika ndani ya sekunde mbili tatu. Inayohangaika, inayotoa moshi mweupe unaochoma macho na kutetemeka dakika nzima, ama hita zimekufa, ama nozeli, ama kubana kumekwisha. La kwanza ni dogo, la mwisho ni oveholi.

Ikishapata joto, fungua kizibo cha oili juu ya injini na ukiweke kichwa chini juu ya tundu lake bila kukifunga. Kikitetemeka kidogo ni kawaida. Kikiruka, au moshi ukitoka kwa pumzi kama wa kiko, ringi zimechoka. Jaribio hili halina gharama, na nimeona madalali wakibadilika rangi mtu anapoinama kulifanya.

Kisha panda nalo mlima wowote, gia ya tatu, kanyaga mafuta mpaka chini na umwombe mwenzio aangalie nyuma. Moshi mweusi kidogo kwenye dizeli ya pampu si kesi. Moshi wa bluu ni oili inayoungua. Moshi mweupe usioisha gari likiwa na moto, unanukia utamu utamu, ni kulanti inayoingia ndani, na hapo silinda hedi imeshaanza kuongea. Usisahau kufungua rejeta ikiwa baridi. Ukiona maji tu, ya rangi ya chai, umeshajua lilivyotunzwa.

Kwa dizeli ya kompyuta, yote hayo hayatoshi. Lipa fundi mwenye mashine asome namna kila nozeli inavyorekebishwa na kompyuta. Nozeli moja ikiwa mbali na wenzake, punguza bei ya nozeli nne.

Petroli? Plagi. Zichomoe. Rangi ya kahawia hafifu ni nzuri, nyeusi yenye mafuta si nzuri. Pima kubana kwa geji, ni kazi ya nusu saa.

Napeleka nyanya na mboga Majengo kila alfajiri. Hilux ya aina gani inanifaa?

Hakuna. Nunua kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo. Mzigo wa nyanya hauhitaji pikapu ya tani, na injini yake ndogo ya petroli haitakumaliza.

Nina pikapu ya petroli iliyo mzima bodi. Nitoe injini niweke ya dizeli?

Watu wanafanya, na wachache wanafurahi. Injini yenyewe ndiyo sehemu rahisi. Kisha unagundua gia boksi haikai, propela ni fupi, mikono ya injini ichomelewe upya, rejeta ni ndogo, nyaya ni kitabu kingine, na springi za mbele zimelala. Kadi ya gari nayo ina namba ya injini, lazima ikarekebishwe TRA, la sivyo siku ya kuuza au ya ajali utaeleza mengi. Ukijumlisha, ungeuza ya petroli, ukaongeza hela, ukanunua dizeli iliyotoka kiwandani hivyo.

Na kufunga gesi?

Injini ya petroli inakubali gesi asilia bila shida kubwa. Ya dizeli ni mradi. Kabla hujafunga, hesabu vituo vya gesi kwenye njia zako, si vya Dar. Na mtungi unakula nafasi ya mzigo, jambo ambalo kwenye gari dogo la abiria halionekani lakini kwenye pikapu ni mifuko kadhaa ya saruji.

Ipi inauzika haraka nikitaka kuachana nayo?

Dizeli ya pampu iliyo nzima huuzwa kabla hujamaliza kuitangaza. Petroli inakaa, inaombewa punguzo. Dizeli ya kompyuta inategemea mnunuzi amekuja na fundi gani.

Kijana wa sheli amenijazia petroli kwenye dizeli. Nimeshtuka tayari lita kumi zimeingia.

Usiwashe. Hata ufunguo usiuzungushe, maana kwenye nyingi pampu ya tangi inaanza kuvuta hapo hapo. Weka gia huru, sukumeni pembeni, ita fundi amwage tangi lote. Mimi limenikuta, kwenye sheli moja ambayo sitaitaja, na kosa langu lilikuwa kuwa kwenye simu. Nilisema "jaza" bila kusema jaza nini. Siku hizi nashuka, nasimama kando ya pampu, natazama bomba. Ukishaliwasha dizeli la kompyuta na petroli ndani, vipande vya chuma kutoka kwenye pampu vinasambaa mpaka kwenye nozeli. Dizeli ya pampu ikichomewa petroli kidogo mara nyingi inapona, lakini usiifanye mazoea. Dizeli kwenye gari la petroli inaleta moshi mwingi na kuzima, na mara nyingi kusafisha kunatosha.

Dizeli imenikatikia mafuta Chipogolo, nimeleta kidumu, nimejaza, haiwaki. Betri inakwisha. Nifanyeje?

Acha staata ipumzike. Kuna hewa kwenye bomba, na petroli haina tabia hii ndiyo maana hukuitegemea. Fungua boneti, tafuta filta ya dizeli, juu yake kuna kitufe cheusi kikubwa kama kizibo, au mpira wa kubinya kwenye bomba. Kikandamize kwa kiganja, kiache kirudi, kikandamize tena. Mwanzoni kitakuwa laini, kinazama bila kupingana nawe. Endelea, mara thelathini, hamsini. Kikianza kuwa kigumu mpaka hakishuki tena, mafuta yamefika. Sasa piga staata, sekunde kumi, pumzika, rudia.

Kwenye dizeli ya pampu, kama bado inagoma, legeza nati za mabomba ya nozeli kidogo kwa spana ya 17, mtu apige staata mpaka mafuta yachuruzike, kisha kaza. Kwenye dizeli ya kompyuta usiguse nati hizo hata kidogo. Msukumo wa reli unapasua ngozi. Bonyeza kitufe tu, na omba mwenye gari akuchangie umeme wa betri yake.